Simu Isiyolia

Kila alasiri Sia alipotoka shule, alimkuta baba yake palepale, kwenye benchi nje ya duka la Mama Skolastika, Kaloleni. Macho yake yalikuwa kwenye simu ya dukani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Bado haijalia."

Baba huyo, Philemoni, alikuwa fundi wa magari katika kiwanda cha serikali mpaka kilipouzwa na wafanyakazi wakapunguzwa. Akaomba kazi katika kampuni moja ya utalii. Wakamjaribu, wakamwambia, "Nenda, tutakupigia." Kwake hakukuwa na simu, akawaachia namba ya duka. Basi, akaketi kungoja. Hata Lesikar, mfugaji wa Elerai, alipomwomba akamtengenezee pikapu, alikataa.

"Nikiondoka halafu wapige, je?"

Jamani, kungoja gani huko! Nyumbani walikula mara moja kwa siku, na Mama Sia alishauza kitenge chake cha kanisani.

Sia aliona uchungu. Siku moja baba alikwenda msalani, na Mama Skolastika alikuwa stoo. Baba aliporudi, Sia akaropoka, "Baba, wamepiga! Wamesema uende kesho asubuhi!"

Loo, furaha ya siku ile! Mama alipiga vigelegele, baba akanyoa ndevu na kupiga pasi koti lake la harusi. Sia alitaka kusema kweli, lakini ulimi ukawa mzito.

Njia ya mwongo ni fupi. Kesho yake baba alirudi kabla ya adhuhuri, koti likiwa mkononi.

"Hakuna aliyepiga," alisema. "Walishaajiri wengine zamani. Walinzi wamenicheka. Nimemwuliza meneja nilikosea wapi, akapandisha kioo cha gari akaenda zake."

Sia akapiga magoti. "Ni mimi, baba. Nilidanganya. Nilitaka ufurahi."

Mama aliinua mkono kumpiga, baba akamzuia. Kisha mzee yule akafunika uso, akalia mbele ya mtoto wake. Sia hakuwa amewahi kumwona akilia.

Alipotulia, alichukua mkoba wa spana. "Twende kwa Lesikar."

Lesikar aliwapokea uani, akatikisa kichwa. "Baba Sia, nilikubembeleza ukanikatalia. Ng'ombe wangu hawakufika mnadani. Nimempa kazi fundi mwingine."

Baba aliinama. Ilimuuma sana. "Kosa ni langu," alisema. "Asante kwa kuniambia."

Lesikar alichukua fimbo yake. "Shemeji yangu yuko Daraja Mbili. Trekta lake limekufa. Ngoja nikupeleke."

Baba alimgeukia Sia. "Umesikia, mwanangu? Wale wakubwa hawakuniambia lolote, nikapoteza siku zangu kwa kuwangoja. Wewe ukaniambia neno tamu, likanipeleka kuchekwa. Lesikar ameniambia ukweli. Ukweli huo umeniuma, lakini leo jioni tutakula. Ukimhurumia mtu, mwambie kweli, kisha kaa naye."

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe. Shika mkoba."