Telegramu Iliyolala Siku Mbili

Kila Jumamosi niliamka mapema kuliko jogoo wa bibi, ambaye naye alikuwa mvivu kupita kiasi. Nilipanga mapeasi kapuni, nikajitwika, nikateremka kutoka kijijini kwetu juu ya Gare hadi Lushoto mjini. Ni mwendo wa saa mbili kwa mtu asiyesimama kupiga soga. Mimi nilitumia saa mbili na nusu. Nikimaliza kuuza, nilipita posta kuuliza kama baba ana barua. Mara nyingi hakuwa nayo, nami nilirudi nyumbani na kapu tupu, raha mustarehe.

Jumamosi moja ya mwaka 1969, nikiwa darasa la sita, mambo yalibadilika.

"Shikamoo, Bi Josephina," nilimwamkia karani wa posta.

"Marahaba, Zuhura. Leo kuna kitu cha baba yako."

Alinipa bahasha iliyofungwa, akanitaka nitie sahihi kwenye daftari kubwa, kisha akaandika saa: tatu na nusu asubuhi. "Ni telegramu. Mpe leo leo, mkononi mwake."

Tangu nizaliwe, kijijini kwetu zilikuwa zimekuja telegramu mbili tu, na zote mbili zilileta vifo. Na mjomba Juma, mdogo wake mama, alikuwa amelazwa hospitali Tanga wiki ya tatu sasa.

"Bi Josephina, ni habari mbaya?"

"Siruhusiwi kusema yaliyomo, mwanangu. Hata ningetaka. Wewe mpe baba."

Nikamtazama usoni. Alikuwa mkavu kama kawaida yake, lakini mimi nilijiona nimeshaelewa kila kitu. Mjomba Juma amefariki! Nililia kutoka posta hadi kwenye kijito cha mwisho chini ya kijiji, nikanawa uso, na nilipofika nyumbani nikaificha bahasha ndani ya daftari langu la hesabu.

Sasa, mtaniuliza kwa nini niliificha. Bibi yangu alitulea kwa sheria moja: habari ya msiba haimwagwi tu. Mtu hupewa akiwa ameshiba, amepumzika, amekaa chini na watu wake. Basi nikasema moyoni, baba atoke kwanza kwenye shamba la ujamaa. Akatoka. Nikasema ale kwanza. Akala bada, ugali wetu wa muhogo, kwa maharage, akashiba, akaanza kumtania mama kuhusu mbuzi wetu aliyetafuna kofia ya katibu wa kijiji. Mama alicheka hadi machozi yakamtoka. Nitamwambiaje mtu anayecheka vile kwamba mdogo wake hayupo tena? Nikashindwa.

Jumapili ilikuwa harusi ya jirani yetu Mwajuma. Jamani, nani anavunja harusi ya watu? Mama aliimba kuliko wote. Mimi nilikaa pembeni na sahani ya pilau, nikala kidogo sana, na wanaonijua wanaelewa jambo hilo lina uzito gani.

Jumatatu asubuhi, Mwalimu Marta alitufundisha habari za mawasiliano. Alisema zamani habari kutoka pwani ilipanda milima yetu kwa miguu ya watu, na mto ukifurika ilisubiri maji yapungue. Baadaye wakaja watu waliogundua namna ya kupitisha ishara kwenye waya kwa nguvu za umeme, ishara fupi na ndefu, kila herufi na ishara zake. Nguzo za waya zikafuata reli kutoka Tanga hadi Mombo, na kutoka huko zikapandishwa hadi Lushoto.

"Kabla ya waya," alisema, "habari haikuweza kumpita aliyeibeba. Baada ya waya, ikawa inafika kabla hata msafiri hajafunga mzigo."

Januari, ambaye baba yake alifanya kazi kwenye mashamba ya chai, akanyoosha mkono. "Mwalimu, mbona hiyo telegramu inaleta vifo tu?"

Darasa likacheka. Mwalimu Marta naye akacheka.

"Telegramu haichagui, Januari. Inaleta jambo lisiloweza kusubiri. Msiba hausubiri, lakini hata kazi haisubiri. Huku kwetu tunaikumbuka kwenye misiba tu, ndiyo maana tunaiogopa. Na mtu akiiweka telegramu siku mbili, basi afadhali ingeletwa kwa miguu."

Siku mbili! Nikasimama. "Mwalimu, naomba ruhusa niende nyumbani. Nina telegramu."

"Una nini?"

Sikungoja kueleza mara ya pili. Nilikimbia na daftari la hesabu kifuani.

Nilimkuta baba nyuma ya nyumba akipalilia pamoja na mama na kaka yangu Athumani. Nilimpa bahasha, nikasema ilikuwa kwangu tangu Jumamosi, kisha nikaangua kilio. Baba akampa Athumani aisome. Athumani akasoma kwa sauti: ATHUMANI RAMADHANI AFIKE TANGA JUMANNE SAA MBILI ASUBUHI KUANZA MAFUNZO YA SIMU.

"Kwa hiyo mjomba hajafa?" niliuliza.

"Nani kakwambia Juma kafa?" mama akamaka. "Mtoto huyu! Unamtakia mjomba wako nini?"

Furaha yangu haikudumu. Athumani alikuwa ameketi chini juu ya udongo, karatasi mkononi. Nafasi ile aliiomba mwaka mzima. Kesho ndiyo Jumanne, na basi pekee la kumfikisha Tanga huondoka Lushoto alfajiri. La leo lilikuwa limekwenda. La kesho lingemfikisha mchana, saa nyingi baada ya wenzake. Hakunigombeza, na hilo liliniuma kuliko fimbo.

Baba akafuta jembe. "Hiyo imekuja kwa waya, na jibu litakwenda kwa waya. Twendeni posta kabla hawajafunga."

Siku ile saa mbili za njia tulizimaliza kwa saa moja na nusu. Pale posta, Athumani alichukua fomu akaandika upesi. Nikachungulia begani kwake: POSTA LUSHOTO ILICHELEWESHA TELEGRAMU. NITAFIKA JUMANNE SAA TISA.

"Kaka, futa," nilimnong'oneza.

"Nyamaza. Unataka nikose?"

Nilimtazama Bi Josephina, aliyekuwa akigonga muhuri barua za watu bila kujua kinachoandikwa juu yake.

"Baba!" nilisema kwa sauti, watu wote wakageuka. "Posta haikuchelewesha. Bi Josephina alinipa Jumamosi saa tatu na nusu. Ni mimi niliyechelewesha. Aandike hivyo."

Baba akaichukua fomu, akaichana, akampa Athumani nyingine. "Andika ukweli."

Athumani akaandika, uso umemvimba: TELEGRAMU ILICHELEWESHWA NYUMBANI. SAMAHANI. NITAFIKA JUMANNE SAA TISA. NAOMBA NIPOKELEWE.

Bi Josephina akasoma, akanitazama, akaingia chumba cha ndani. Tukasikia mlio wa kigongeo cha telegramu, mfupi, mrefu, mfupi. Tukasubiri. Athumani alizunguka kwenye ngazi hadi nikapata kizunguzungu mimi. Robo saa kabla ya kufunga, mlio ukaanza tena, na safari hii ulikuwa unatoka Tanga.

Bi Josephina akatoka na karatasi. "AJE. ATAPOKELEWA SAA TISA."

Athumani alinibeba juu kama mzigo wa kuni, mbele za watu, na mimi mwanafunzi wa darasa la sita!

"Kijana, tulia," Bi Josephina alimwambia. "Hao unaokwenda kusoma kwao ndio wenyewe wenye telegramu. Kila telegramu ina saa yake ya kufika na saa ya kukabidhiwa. Wangetuuliza, na ningewajibu kwa daftari. Waya huu haujui ukweli wala uongo. Uongo wako nao ungefika Tanga kwa dakika zile zile."

Athumani akainamisha kichwa. "Nisamehe, Bi Josephina."

Tulipokuwa tunapanda mlima kurudi nyumbani, baba alinishika mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nianze shule.

"Zuhura, najua ulituhurumia," alisema. "Lakini habari ya mtu mpe mwenyewe, nzuri au mbaya. Siku mbili umelia peke yako, na uliyemlilia yu hai. Na kama angekuwa amekufa kweli, mwanangu, ungetunyima kulia pamoja nawe."