Maboksi ya Rafu ya Juu

Yalikutwa saa moja na nusu asubuhi, jikoni kwa Mama Sinia: maboksi ya povu ya kufungia chakula, meupe pe, yamepangwa juu ya rafu, yote yamefudikizwa, midomo chini. Mama Sinia akashika kichwa.

"Mungu wangu! Haya si yangu, Bwana Afya!"

Bwana Afya, mkaguzi wa mji, alishusha boksi moja. Alfajiri mtu alimpigia simu akinong'ona, akataja jiko na rafu. Sheria ya mji haikuwa na kona: mwenye jiko akiweka maboksi hayo, jiko linafungwa. Na hili, jamani, ndilo jiko alilokuwa akilisifia kila kikao! Marufuku ilipotangazwa, wapishi wengine walinung'unika; Mama Sinia alinunua sahani za bati, akawaambia wateja, "Anayebeba aje na bakuli lake." Walimcheka, kisha wakaja nayo. Leo Bwana Afya alifunge kwa mkono wake? Roho ilimuuma.

Akaanza na jirani, mkaanga viazi, aliyekuwa hata salamu hampi Mama Sinia tangu marufuku.

"Maboksi yako yako wapi?"

"Niliyarudisha dukani, watu waliniona. Halafu ufunguo wa kwake ningeutoa wapi? Mimi ubaya wangu mdomo tu, mzee. Kikulacho ki nguoni mwako."

Kweli, kufuli lilikuwa zima. Funguo walikuwa nazo wawili tu: Mama Sinia na wifi yake, muosha vyombo.

"Jana nilifunga mimi," wifi alisema, macho kwenye beseni. "Sikuona kitu. Muulize mwenyewe, labda anawauzia watu kwa siri."

Mama Sinia akaruka: "Mimi?"

"Zamani ulikuwa unayawekaje?" Bwana Afya akamuuliza.

"Wazi, mdomo juu. Mkono mmoja una upawa, nani ana muda wa kugeuzageuza?"

Bwana Afya akatazama meza ya vyombo. Vikombe, sahani, sufuria, hata kopo la chumvi lililo tupu: vyote midomo chini.

"Na wewe wifi, mbona hata kopo kavu umelifudikiza?"

"Mazoea. Mama yangu alinifundisha chombo hakilali mdomo wazi."

"Na yale ya rafuni?"

Wifi aliinua macho, akaona. Kitambaa kikamdondoka.

"Wifi yangu aliniambia nikayatupe, nikayaficha uvunguni kwangu," alisema, machozi yakimlengalenga. Akanyoosha mikono: imechanika, vidole vimebabuka kwa sabuni. "Zamani mteja akila anatupa. Sasa sahani haziishi! Mji mzima unakusifu wewe, wifi, na sifa zako naziosha mimi. Nikayapanga rafuni, alfajiri nikapiga simu. Nilitaka lifungwe japo wiki, nipumzike."

"Si ungeniambia!"

"Nimekuambia mara ngapi? Ulikuwa unapokea pongezi."

Mama Sinia aliitazama ile mikono. Aibu ilimshika. Kisha akavua aproni, akamvalisha wifi yake, akachuchumaa mbele ya beseni.

"Leo upawa ni wako. Na kuanzia leo, anayekula hapa ataosha sahani yake."

Bwana Afya aliyatia maboksi kwenye gunia. Mwenye jiko hakuyaweka, basi jiko halifungwi. Moyoni alisema, huyu mama ana haki ya kusifiwa, ila leo wamekuwa wawili. Akaomba chakula, akala akamaliza, akasimama aende zake.

"Ehem!" wifi alikohoa, upawa mkononi.

Bwana Afya alicheka, akarudi. Akaisugua sahani yake, akaisuuza, akaifudikiza mezani.