Watu Watano Wasioogopa

Kila alipotoka shule, Ziada alipita kwanza mwaloni Kibirizi, ufukweni mitumbwi ya wavuvi inapofikia, kumsaidia mama yake kugeuza dagaa kwenye vichanja. Mama yake, Mwanvua, alikuwa mfanyabiashara wa dagaa anayejulikana mpaka Kasulu, lakini kuandika kwenye simu kulimshinda. Alisema herufi zile ni ndogo mno na vidole vyake vimezoea magunia. Kwa hiyo kazi ya kuandika bei ya siku kwenye kundi la WhatsApp la wauza dagaa ilikuwa ya Ziada. Kwa ujira wa kazi hiyo aliruhusiwa kukaa na simu nyumbani, Rusimbi, mpaka mama arudi jioni.

Alichokifanya na simu hiyo ndicho kilichomkosesha raha. Ziada alikuwa ametunga mchezo. Haukuwa wa kubonyeza na kurukaruka, bali wa kuandika: wachezaji wanaingia kwenye kundi, kila mmoja anajichagulia mhusika, Ziada anaeleza wamefika wapi na wameona nini, nao wanaandika wanachofanya. Uliitwa Mji Chini ya Ziwa. Katika mji huo waliishi watu wasio na vivuli, na mlangoni alikaa bibi kizee aliyesuka nywele zisizo na kichwa. Ulihitaji wachezaji watano ili mlango ufunguke, na Ziada alikuwa na mmoja tu.

Huyo mmoja alikuwa Lyse, rafiki yake wa darasani. Wazazi wa Lyse, Protais na Ndayikunda, walitoka Burundi zamani, wakakaa Kigoma mpaka wakawa watu wa Rusimbi kama wengine. Lyse alicheza vizuri na hakukosa hata siku moja.

Wengine walimchosha. Mudathir aliingia akauliza kama kuna bunduki, na alipoambiwa hakuna, akaondoka. Eliudi aliandika, "Nagonga mlango," kisha akapotea wiki nzima, akamwacha bibi kizee wa watu anamsubiri. Ziada alitunga tangazo zuri, akalipamba, akalituma kwa kila aliyemjua: "Karibuni kwenye mchezo mpya wa kusisimua." Waliolisoma aliwaona, maana alama za bluu zilikuwepo. Hakuna aliyejibu.

"Wakiona neno mchezo wanapita," alimlalamikia Lyse siku ya Ijumaa.

"Basi wapite. Tucheze wawili."

"Wawili hawafungui mlango. Sheria inasema watano."

"Sheria si umeitunga mwenyewe?"

Ziada alinuna. Hakutaka kubadilisha sheria, alitaka watu. "Nitaliondoa hilo neno," alisema. "Nitaandika kama habari ya kweli. Mtu akisoma atashtuka, akishtuka atauliza, akiuliza nimempata."

"Usifanye hivyo. Mtu ajue anaitiwa nini."

"Wewe umeniletea mchezaji gani mpaka unifundishe?"

Lyse alikusanya madaftari yake, akaenda zake bila kuaga.

Miezi ile wakimbizi walikuwa wakimiminika kutoka Burundi. Wengi walifikia Kagunga, kijiji cha ufukweni karibu na mpaka, na kutoka huko waliletwa Kigoma kwa njia ya ziwa. Ziada aliwaona wakishuka na vifurushi vyao. Tena Lyse alikuwa amemwambia juzi tu kwamba baba yake amekwenda Kagunga kumchukua bibi. Ziada aliitikia "haya," macho yakiwa kwenye simu, na habari yenyewe ikapita.

Jumamosi mchana aliketi jikoni akaandika: "Mtumbwi umekutwa unaelea karibu na Kagunga. Hakuna mtu ndani, viatu tu. Wanatafutwa watu watano wasioogopa, waende kujua walikokwenda. Jibu hapa."

Alisoma mara mbili, akajipongeza. Aliutuma ujumbe kwa rafiki zake. Kisha akaliona kundi la wauza dagaa, lenye watu wengi, na watu hao wana watoto wanaoazima simu. Akautuma na huko. Hakufikiri kwamba jina litakalotokea juu ya ujumbe ni la Mwanvua, ambaye kila kilichoandikwa pale kwa jina lake watu walikiamini.

Majibu yalikuja kabla hajaiweka simu chini.

"Mimi nipo," aliandika Bonifasi, mwenye mtumbwi wa injini.

"Mimi na mdogo wangu tunakuja," aliandika mwingine.

"Petroli ninayo, madumu mawili," aliongeza Bonifasi.

Ziada alirukaruka peke yake pale jikoni. Wachezaji hawa, tena watu wazima, na Bonifasi amekwisha kuingia kwenye uhusika mpaka ana petroli. Kwa furaha akamjibu: "Njooni na taa. Huko chini ni giza."

Ndipo ulipoingia ujumbe wa sauti. Ziada aliufungua akitabasamu.

"Mama Ziada, ni mimi Ndayikunda. Huo mtumbwi ni wa nani? Mume wangu yuko njiani na mama yake. Hivyo viatu ni vya namna gani? Niambie tu, nimekwisha kukaa chini."

Tabasamu lilimkauka Ziada mdomoni. Aliandika haraka, "Samahani, ni mchezo tu." Bonifasi akamjibu papo hapo: "Wewe si Mwanvua. Usicheze na msiba wa watu." Ujumbe ulikuwa umekwisha kutumwa kwenye makundi mengine, na miaka ile hukuweza kuufuta kwenye simu za wenzako. Alivaa kandambili, akakimbia mpaka Kibirizi.

Alikuta watu wamejaa mwaloni. Bonifasi na vijana wake walikuwa wakipakia madumu na taa mtumbwini. Ndayikunda alikaa mchangani, Lyse amemshika mkono, na Mwanvua alisimama katikati ya watu akiulizwa habari asizozijua.

"Mimi sijaandika kitu," Mwanvua alikuwa akisema. "Simu sinayo hapa."

"Basi labda ni matapeli wameingia kwenye namba yako, dada," alisema Bonifasi. "Siku hizi wapo."

Watu walitikisa vichwa, wakawalaani matapeli. Ziada alisikia yote. Alijua kwamba akinyamaza tu, jambo litaishia hapo na matapeli watabeba lawama. Kisha Lyse akageuka, akamwona.

"Si matapeli," alisema Ziada. Sauti ilitoka ndogo, akarudia. "Ni mimi. Hakuna mtumbwi uliokutwa. Nilikuwa natafuta wachezaji wa mchezo wangu. Neno mchezo nililiondoa makusudi."

Bonifasi alilitua dumu polepole. Mwanvua hakumpiga wala hakupaza sauti, na hilo lilimwumiza Ziada zaidi. Alinyoosha mkono tu akaichukua simu yake, kisha akawageukia wenzake mmoja mmoja kuwaomba radhi kwa ujumbe uliokuwa na jina lake.

Ziada alimpigia magoti Ndayikunda. "Nisamehe, mama. Baba Lyse hajapatwa na kitu."

"Wewe unajuaje?" Ndayikunda aliuliza kwa upole. "Nimesikia kwamba umetunga. Lakini nimekwisha kumwona ndani ya maji, mwana wanje, mwanangu. Nitaacha kumwona akifika."

Wakakaa kungoja. Ziada alitamani kuondoka, lakini akabaki. Hasira aliyokuwa nayo wiki nzima, kwa Mudathir, kwa Eliudi, kwa wote waliosoma wasijibu, ilimrudia mwenyewe. Kwa mara ya kwanza alikuwa amewapata watu wa kumjibu, nao walikuwa tayari kumwaga petroli yao na kuhatarisha roho zao kwa ajili ya uongo.

Jua lilipoanza kushuka, mtumbwi wa Kagunga uliingia. Protais aliruka majini kwanza, akampokea mama yake, bibi Skolastika, aliyekumbatia mkeka. Ndayikunda hakumtazama mumewe usoni. Alitazama miguu yake. Alipoviona viatu, vimelowa na vimejaa mchanga, ndipo alipolia.

Siku zilizofuata Ziada hakuishika simu. Aligeuza dagaa, akapokea utani wa vijana wa Bonifasi, waliomwita "mwenye mtumbwi." Lyse hakuzungumza naye. Jumapili moja Ndayikunda alikuja mwenyewe kwenye vichanja pamoja na binti yake.

"Shikamoo, mama," alisema Ziada, macho chini.

"Marahaba. Lyse ananiambia huo mchezo ulikuwa mzuri. Mama Ziada, mpe simu aandike tangazo lingine."

Mwanvua alisita, kisha akaitoa simu kwenye pindo la kanga.

"Kuogopa si vibaya, mwana wanje," Ndayikunda aliendelea. "Hata mimi nikiwa mdogo nilipenda hadithi za kutisha. Lakini anayeogopa kwa kucheza ameingia mwenyewe, na anajua akichoka atatoka. Mimi ulinifungia humo nisijue pa kutokea. Ukimwita mtu, mwambie kweli unamwitia nini. Akikataa, mwache. Hao wachache watakaokuja wakijua, ndio wako."

Ziada aliandika, kisha akasoma kwa sauti ili wote wasikie: "Huu ni mchezo. Hakuna mtu aliyepotea. Unatisha kidogo. Anayetaka aje."

"Kidogo?" aliuliza Lyse. Lilikuwa neno lake la kwanza kwake tangu siku ile.

Ziada alilifuta, akaandika "sana." Mwanvua akasoma kwa makini, herufi moja moja, akakubali kwa kichwa, na tangazo likaenda.

Wengi walisoma wakapita. Baada ya muda mrefu likaja jibu moja, la Bonifasi: "Mimi ni mwoga. Lakini petroli ninayo."

"Na Lyse, ni wawili," alisema Ziada. Mara hii hakununa. "Nitabadilisha sheria. Watatu watatosha kufungua mlango."

Ndayikunda aliokota dagaa mmoja aliyeanguka, akamrudisha kichanjani.

"Basi niandike na mimi," alisema. "Ila viatu sivui."