Injini Mpya Hazikupiga Hodi

Foleni ya mizigo pale uwanja wa ndege ilikuwa imefika mlangoni. Fundi cherehani, ndani ya gauni la manjano alilojishonea, alikuwa amebakiza mtu mmoja mbele yake pale kiatu kizito kilipokanyaga pindo lake. Likachanika.

"Hilo utalishona," alimwambia mwenye kiatu, kijana wa ovaroli ya buluu.

"Mimi nashona mabati, dada. Nitaliharibu zaidi."

Alikuwa mekanika anayesafiri na ndege ya mizigo iliyoegeshwa nje, ndefu kama treni, injini nne chini ya mabawa. Alimweleza kwamba aina ile ilianza ikiwa fupi. Baadaye watengenezaji wakaiongezea vipande mbele na nyuma ya mabawa ili ibebe zaidi.

"Kumbe ni gauni lililoongezwa kiunoni," fundi akasema, na kijana akacheka mpaka karani akawataka wawapishe wenzao.

Yakawa mapenzi. Ndege zilishukia juu ya nyumba aliyoishi fundi na shangazi yake. Injini zile za zamani zilinguruma hadi mkasi ukatetemeka mezani. Akizisikia tu, fundi huacha kazi, hupanda juu ya paa na kupunga kitambaa. Mekanika, dirishani nyuma ya marubani, hukiona. Akishatua, simu huita.

"Leo chekundu, mpenzi. Umenuna au umenikumbuka?"

"Nimenuna kwa kukukumbuka."

Kisha ndege ikapelekwa karakana ya mbali kufungwa injini mpya, nene, zinazokula mafuta kidogo. Mekanika akaenda nayo. Kila jioni walipigiana simu, mpaka siku moja simu yake ikawa haipatikani. Shangazi akasema huyo kashapata mwingine huko huko, na fundi ale chakula chake. Fundi akala huku analia.

Alipokwenda tena uwanjani kufuata robota la vitambaa, akaiona ndege ileile ndefu, ina injini ngeni. Mekanika alikuwa chini ya bawa. Akamwita kupitia uzio wa waya.

"Umerudi lini?"

"Wiki iliyopita. Nilitaka kukushtukiza. Nimepita juu yako mara kadhaa, paa tupu. Nikajua umechoka kunisubiri, nikazima simu."

Ndege ilikuwa inahamia kituo cha nchi nyingine, na kesho alitakiwa kumjibu bosi kama ataifuata. Alikuwa ameamua kuifuata.

Fundi akamtazama kama mteja aliyeleta kitambaa pungufu. Akamwuliza injini zile kafunga nani. Akajibu kwa fahari kwamba ni yeye, na zimetulia kweli, zinapita juu ya nyumba hata mtoto mchanga haam...

Hakumaliza. Akajipiga kofi kwenye paji la uso.

"Mimi nilikuwa nasikia ndege," fundi akasema. "Sikuwa naota ndege."

"Nisamehe, mpenzi. Nitawaambia siendi."

"Utakwenda. Kazi nzuri haziokotwi. Cherehani inabebeka, na mimi pia. Ila sibebwi bila ndoa."

Mekanika akashika uzio kwa mikono miwili, uso wote meno. Akasema Jumamosi atafika kwao na wajomba zake.

"Uanze na shangazi," fundi akamwonya. "Ameshatangaza mtaa mzima kwamba umeoa huko."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie ndiyo kwanza unaoa."