Pumzi Kwenye Kioo

Rafiki yangu Effie alifuma magunia pamoja nasi kiwandani, mjini Dundee. Mashine hupiga kelele mno, kwa hiyo wafumaji tunasemezana kwa midomo, bila sauti. Mama yake, mfumaji pia, alianguka akafa pale kiwandani akimwambia neno, lakini Effie alikuwa ameinama akiunga uzi. Hakuliona.

Baada ya maziko alirudi kuchukua mkasi wa mama.

“Uchukue upesi, binti,” msimamizi alimtania. “Mama yako akijua nimeugusa atanichoma nao!”

Mashine zilikuwa zimezimwa, ukumbi kimya, giza likiingia. Kwenye kioo cha dirisha, usawa wa kimo cha mama, ukungu wa pumzi ulitokea, ukafifia, ukatokea tena.

“Mama, siioni midomo yako,” Effie alilia.

Ukungu ukaanza upya, polepole zaidi, kama tufanyavyo kwa mtu ambaye hakuelewa.