Msafiri wa Nyuma

Upepo wa Makambako ulipolipiga tela ubavuni, shingo-hai iliitika kabla dereva hajagusa usukani. Ilikaza upande wa kushoto, ikalegeza wa kulia, ikabana kidogo breki za magurudumu ya nyuma, na nyumba nzima ya Mzee Ezekia Mligo, pamoja na kitanda, jiko na tangi lake la maji, ikarudi kwenye mstari. Vikombe kabatini havikulia.

Shingo-hai ilikuwa chuma chenye urefu wa mkono wa mtu, kilichounganisha gari na tela. Zamani kazi hiyo ilifanywa na kirungu cha chuma na kikombe cha kukifunika, na dereva aligundua kuwa tela linayumba pale ambapo lilikuwa limeshamshinda. Shingo-hai ilikuwa na mishipa ya nyaya nyembamba iliyopima uzito wote uliokaa juu yake, na akili ndogo iliyojifunza tabia za tela moja tu, lile ililofungwa nalo. Ukikaa nayo miaka michache ilijua gunia la mkaa linawekwa wapi na nani analala upande wa ukutani. Ni kwa sababu yake sheria iliruhusu jambo lililokuwa marufuku tangu magari yaanze kuvuta matela: mtu mmoja kukaa ndani ya tela likiwa safarini. Mtu huyo aliitwa msafiri wa nyuma.

"Msafiri wa nyuma yuko salama," shingo-hai ikasema kwenye spika ya gari.

"Asante," Mzee Mligo akajibu.

Msafiri wa nyuma lilikuwa gunia la mahindi.

Mkewe, Edina, walikuwa wamemzika kwao Njombe kabla ya mvua. Baada ya arobaini ndugu walikaa, wakagawana nguo na vyombo vyake kama ilivyo desturi, na Mzee Mligo hakukataa chochote. Masufuria yakaenda, vitenge vikaenda. Asubuhi ya pili yake aliingia kwenye gari lake ili aondoke mahali pale, akawasha, akakanyaga mafuta, na tela likakataa kuondoka.

"Msafiri wa nyuma bado hajakaa," shingo-hai ilisema. "Tunamsubiri."

Alizima gari. Baadaye mashine ikauliza kwa adabu kama msafiri huyo afutwe kwenye kumbukumbu. Kusema ndiyo ni kazi ya sekunde moja, lakini mzee alishindwa. Dunia nzima ilikuwa imeshakubali kwamba Edina hayupo. Mchungaji alikubali, ndugu walikubali, hata kuku wa jirani waliomzoea walikuwa wameacha kuja mlangoni. Chuma kile peke yake ndicho kilichokuwa bado kinamngoja. Basi akaenda kwa jirani, akanunua mahindi, akapima na kupunguza mpaka gunia likawa na uzito wa marehemu, akalipakia kwenye kiti cha dirishani na kulifunga mkanda.

"Msafiri amekaa," mashine ikasema. "Safari njema."

Mzee mzima alilia mbele ya usukani kama mtoto, kisha akaondoka. Tangu siku hiyo alisafiri na gunia lake, leo Mbeya, kesho Tunduma, bila shughuli yoyote ya maana. Barabarani hakukuwa na watu wa kuzungumza nao. Malori yalikuwa yakijiendesha yenyewe, vichwa vyake vitupu, na hata ukipiga honi ya salamu hapakuwa na wa kukujibu. Kwenye vituo vya umeme wa magari, mkono wa chuma ulichomeka waya, ukachomoa, ukakutakia siku njema kwa sauti ileile uliyomtakia aliyekutangulia. Kuna siku zilipita bila yeye kuongea na kiumbe mwingine zaidi ya shingo-hai, naye aliizoea, akawa anaiaga kabla ya kulala.

Hapa inafaa nieleze gari lenyewe, maana hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Watu wengi wanaotaka kuvuta nyumba huanza kwa kununua nyumba. Wanatazama jiko, wanabonyeza godoro, wanapenda pazia, halafu wanatafuta gari la kuivuta kwa fedha iliyobaki. Mzee Mligo alikuwa mhandisi wa madaraja aliyestaafu kwa heshima, na mtu wa namna hiyo ungetegemea aanze na gari. Naye akaanza na pazia kama wengine.

Mama aliyewauzia tela aliwaeleza yote bila haraka. Gari lizidi tela kwa uzito. Nguvu ya kuvuta usiitumie yote, bakiza kwa ajili ya milima. Sehemu moja katika kumi ya uzito wa tela ikae juu ya shingo. Ikipungua, mkia unaanza kucheza. Vitu vizito vikae mbele ya ekseli, kamwe visikae mkiani. Vioo vya pembeni viwe vipana kuliko nyumba, na minyororo ya dharura ipishane chini ya shingo ili chuma kikichomoka kidakwe kabla hakijagusa lami. Tairi zipimwe upepo asubuhi zikiwa baridi. Mteremkoni ushuke kwa gia ndogo, breki uziachie kazi ya kusaidia.

Mzee alifuata kila kitu isipokuwa la kwanza. Alikuwa na pikapu yake ndogo aliyoipenda, akapiga mahesabu, akaona pengo lililobaki litazibwa na akili ya shingo-hai. Edina alilitazama lile tela, akaitazama pikapu, akauliza kama itatosha. Mumewe akamwambia mahesabu yanasema itatosha, na mjadala ukaishia hapo.

Sasa alikuwa anaelekea Mikumi. Binti yao, Vumilia, alikuwa amejifungua mtoto wa kike, naye alikuwa amempigia baba yake mara nyingi akimsihi aje aegeshe nyumba uani kwake, asiendelee kuzurura. Mzee alitamani kwenda. Alitamani mno hata akamnunulia mjukuu soksi. Kilichomzuia ni Kitonga, ule mteremko wenye kona zinazofuatana baada ya Ilula. Hakuna tela lililoruhusiwa kuushuka bila mkaguzi kuifungua kumbukumbu ya shingo yake, na mkaguzi akiifungua, gunia litajulikana ni gunia, na msafiri wa nyuma atafutwa. Alikwisha kufika Iringa mara mbili akageuza.

Na tela, ambalo tangu msiba lilikuwa likiyumba kidogo kwenye kona, safari hii lilimsumbua zaidi. Tangu Mafinga, kila kona mkia ulikuwa unatupwa nje kwanza, ndipo shingo inakaza, imechelewa. Alisimama akapima tairi. Akasogeza tangi la maji mbele. Baada ya Ipogolo mkia ukatupwa tena, karibu uguse lori lililokuwa linapita, naye akaenda polepole hadi Ilula.

Mkaguzi wa Kitonga alikuwa mama wa makamo anayeitwa Kissa, mtu pekee katika kituo kizima. Wengine wote walikuwa mashine. Alimwamkia shikamoo, akazunguka tela, akagonga tairi kwa kiatu, akaisifu minyororo. Kisha akaingia ndani. Alipotoka hakusema neno juu ya gunia lililofungwa mkanda. Alichukua kisoma-uzito, kibao kinachotandaza kumbukumbu ya shingo, na juu yake ukaonekana mchoro wa nyumba kutoka juu, na kila mahali palipowahi kubeba uzito pakiwa na mwanga wake. Palipobebeshwa sana paling'aa zaidi.

"Baba," akasema, "huyu msafiri wako wa nyuma alikuwa nani?"

"Mke wangu."

"Pole sana. Alikuwa anakaa wapi?"

Mzee alimwonyesha kiti cha dirishani. Alimweleza kwamba Edina alikaa pale njia nzima akifuma vitambaa vya makochi, akitazama nchi inavyopita, na kwamba yeye mwenyewe, kule mbele kwenye usukani, alifurahi kila alipomfikiria amestarehe. Kissa alimsikiliza hadi mwisho. Halafu akairudisha kumbukumbu nyuma, kabla ya siku za gunia, akageuza kibao ili mzee aone. Kiti cha dirishani kilikuwa na mwanga hafifu, wa kutafuta. Uliong'aa ulikuwa ukuta wa mbele kabisa, juu ya shingo, mahali pasipo na kiti wala kitu cha kukalia.

"Kitini alikuwa anakaa gari likisimama," Kissa akasema. "Likitembea, alikuwa anasimama hapa."

Mzee Mligo alikielewa kile kibao mara moja, maana kusoma uzito ndiyo ilikuwa kazi ya maisha yake, lakini alimwacha mama yule aendelee kueleza.

"Pikapu yako ni nyepesi kwa nyumba hii. Mkia ulikuwa unacheza, yeye akauhisi. Alipokwenda mbele, uzito uliongezeka shingoni, mkia ukatulia. Akaendelea hivyohivyo. Na mashine hizi hujifunza, baba. Hii yako ilijifunza kwake. Kona ikija, haikazi mapema. Inamsubiri yeye kwanza asogee."

Gunia lilikuwa na uzito wa Edina, na halikuwahi kusogea. Mzee alikumbuka safari zote: Sumbawanga, Songea, ile ya Matema waliyoimba njia nzima kupitia spika, yeye mbele na mkewe nyuma. Aliimba akiwa amesimama. Kila walipofika alimkuta kitini, kitambaa kikiwa mapajani, na mara ngapi alikuwa amemtania kwamba kitambaa kimoja kinamaliza msimu. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Aliomba ruhusa ya kupiga simu. Vumilia alipopokea, mtoto akisikika kwa nyuma, mzee alimuuliza kwa mkato kama alikuwa anajua mama yake husimama safarini. Binti akambembeleza mtoto kwanza.

"Nilijua, baba. Nilimwambia akwambie ununue gari kubwa. Akasema ukijua kwamba umekosea utaliuza tela, na ukiliuza utakaa ndani ukitazama ukuta mpaka ufe. Akasema yeye miguu yake bado ina nguvu."

"Nawe ukanyamaza."

"Alinikataza. Baba, njoo. Njoo tu."

Kissa alikuwa amemsogelea taratibu. Alimweleza kwamba hawezi kumruhusu kushuka na pikapu ile hata kwa mwendo wa kinyonga. Ingemwangusha kwenye kona ya pili. Kituo kilikuwa na fahali, magari mazito yanayojiendesha, yaliyowekwa pale kwa ajili ya watu waliokosea kununua, na hao hawakukosekana siku hata moja. Fahali mmoja angelivuta tela hadi Ruaha Mbuyuni, pikapu ikifuata juu ya lori jingine. Ila shingo haiwezi kufungwa kwenye gari jipya ikiwa na tabia za gari la zamani. Lazima ifutwe yote.

Mzee akauliza kama ile kumbukumbu inaweza kuwekwa mahali pengine kwanza. Kissa akamwambia ukweli kwamba imo ndani ya chuma chenyewe, haihami, ikifutwa imefutwa. Aliyasema hayo akitazama chini, maana hakuwa mtu wa kufurahia kazi ya namna hiyo. Akaongeza kwamba mzee anaweza kugeuza pia. Barabara ya kurudi ilikuwa wazi.

Mzee Mligo alisimama kati ya gari na tela, akaweka kiganja juu ya shingo-hai. Ilikuwa na joto la safari. Kwa miezi yote ile aliamini kwamba anamtunza mkewe kwa kukataa kumfuta. Sasa aliona alichokuwa akikitunza: zamu ya Edina, ile kazi ambayo yeye mumewe alimpa bila kujua, na mashine iliyokuwa inangoja arudi aendelee nayo.

"Mfute," akasema. "Mwache apumzike."

Kissa alibonyeza. Spika haikusema kitu.

Wakateremsha gunia, mzee akamwachia mama yule mahindi yale asage. Fahali akaja mwenyewe kinyumenyume, mpana, asiye na usukani wala kiti, akajifunga kwenye tela kwa mlio mmoja mzito. Kwa kuwa gari halikuwa na nafasi ya mtu, mzee alilazimika kupanda ndani ya nyumba yake. Hakuwahi kusafiri ndani yake. Alitazama kiti cha dirishani, hakukaa. Alikwenda hadi ukuta wa mbele, akakunja zulia dogo lililotandikwa pale, akaona sakafu ilivyochakaa sehemu mbili, upana wa nyayo za mwanamke. Akavua viatu akasimama hapo.

Wakaanza kushuka. Kona ya kwanza ilipokaribia, alijikaza, akaushika ukuta kwa mikono miwili, akasubiri nyumba iyumbe ili naye aizuie. Haikuyumba. Kona ya pili akajikaza tena, na ya tatu, miguu ikianza kumuuma magotini, na nyumba ikateremka imetulia tuli, maana gari lililoivuta lilikuwa na uzito wa kutosha na hapakuwa na chochote cha kuzuia.

Sauti ya Kissa ikaja kwenye spika kutoka kule juu kituoni. Alikuwa anamwona kwenye kibao chake, mwanga mmoja mahali pasipo na kiti.

"Baba, unaweza kukaa. Nyumba haihitaji mtu hapo."

"Najua," Mzee Mligo akasema, machozi yakimtiririka, na hakukaa mpaka walipofika chini.