Milio Mitatu ya Seva

Kila Jumamosi asubuhi Chapuchapu alikuwa na kazi tatu: kuosha vyombo, kufagia ukumbi, na kupangusa vumbi juu ya seva kwa kitambaa kikavu. Jina hilo alipewa na shangazi yake aliyekuwa akiishi naye, kwa sababu alizimaliza kazi kabla hajasikia maelekezo yote. Vikombe alivyoviosha vilirudi kabatini na majani ya chai ndani.

Seva yenyewe ilikuwa kompyuta ya kawaida ya nyumbani waliyoizoea kuiita hivyo, sanduku jeusi lililokaa kwenye kona ya ukumbi likinguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Shangazi alikuwa msomaji. Alisoma vitabu vya shule kwa sauti na kujirekodi, kwa ajili ya wanafunzi wasioona wa shule iliyo ng'ambo ya barabara kuu. Akianza kusoma hufunga kitambaa chekundu kwenye kitasa cha mlango, na kitambaa kikiwa pale, hata bomba la maji halifunguliwi.

Sura kumi na nne za sayansi, kazi ya miezi sita, zilikuwa ndani ya seva hiyo. Mwalimu angekuja kuzichukua saa kumi na moja jioni, kwani Jumatatu wanafunzi wake walikuwa na mtihani. Tatizo ni kwamba tangu wiki iliyopita mashine ilikuwa ikiganda kila shangazi alipojaribu kuziunganisha ziwe rekodi moja. Ilihitaji kumbukumbu kubwa zaidi, ile ambayo mafundi huiita ramu.

Sura ya mwisho ilikuwa imemmaliza shangazi sauti. Daktari alimkataza kusoma kwa wiki mbili, na asubuhi hiyo alikuwa anarudi kliniki.

"Mwanangu," alinong'ona, akimpa Chapuchapu bahasha ya pesa na karatasi iliyokunjwa. "Nenda kwa Fundi Bisibisi. Hapa nimenakili maandishi yote yaliyo kwenye ramu zetu. Msomee herufi kwa herufi. Na usiifungue mashine mpaka nirudi. Umenisikia?"

"Nimesikia, shangazi," alijibu Chapuchapu, mguu mmoja ukiwa tayari nje.

Kibanda cha fundi kilikuwa kimejaa watu. Fundi Bisibisi, mwenye bisibisi nyuma ya sikio kama karani na kalamu yake, alikuwa akiongea na wateja watatu kwa pamoja. Chapuchapu aliichungulia karatasi: namba, vistari, herufi, namba tena. Akaona aibu kuyasoma hayo mbele ya watu wazima. Akairudisha mfukoni.

"Binti, unataka ramu ya mashine gani?"

"Ya seva."

"Umekuja na namba zake?"

"Ni za seva tu, fundi. Mbili. Kubwa."

Fundi alipokea bahasha, akavuta droo na kumpa vibao viwili vyembamba vya kijani. "Haya. Zikikataa, zirudishe."

Nyumbani palikuwa kimya. Chapuchapu aliitazama mashine, akaitazama saa. Shangazi angefurahi kiasi gani akikuta kazi imeisha! Alikuwa amemwona fundi akiifungua mwaka jana. Akaizima, akachomoa waya, akafungua ubavu wake. Alichomoa ramu mbili za zamani na kuzilinganisha na mpya. Urefu ulikuwa sawa. Hata pengo dogo la chini lilikaa mahali palepale. Akazichomeka mpya, akawasha.

Feni ilizunguka. Kisha, piip, piip, piip. Skrini ikabaki nyeusi tii.

Alizima, akawasha tena. Milio mitatu. Alizitoa ramu mpya, akazirudisha za zamani harakaharaka, jasho likimdondoka puani. Akawasha.

Piip, piip, piip.

Sura kumi na nne. Aliwaza wanafunzi wamekaa kwenye madawati, vifaa vya kusikilizia masikioni, na ndani yake hakuna kitu. Aliizima mashine, akafunika ubavu, akazificha ramu mpya chini ya mto wa kiti. Kisha akakaa juu ya mto huo. Kila hatua iliyopita nje ya dirisha ilikuwa ya shangazi, mpaka ipite.

Saa nane na nusu, hatua ilikuwa ya shangazi kweli.

"Mbona seva haingurumi?" alinong'ona hata kabla ya kuvua viatu.

"Umeme ulikatika, shangazi. Ukarudi kwa kishindo. Ikazimika yenyewe." Maneno yalitoka haraka kuliko kitu chochote alichowahi kufanya.

"Na ramu?"

"Fundi alikuwa na watu wengi."

Shangazi aliiwasha, akasikia milio ile mitatu, akaegemea ukuta. Hakugomba. Angegombaje, na sauti hana? Alichukua simu na kumwandikia Fundi Bisibisi ujumbe.

Fundi alifika akihema; kwa wingi wa wateja, binti wa ramu wa asubuhi alikuwa ameshamtoka akilini. "Umeme? Ajabu, kwangu haukukatika. Lakini umeme hauna adabu, huchagua nyumba." Alianza kufungua kisanduku cha kupokelea umeme. Akakipima. Akatikisa kichwa na kuhamia kwenye diski zinazotunza rekodi. "Dada, nakala nyingine ya rekodi iko wapi?"

Shangazi alitikisa kichwa. Hakuna.

"Basi hapo tuna kazi. Kama umeme umepita ndani ya diski, nitazitoa nizipeleke mji mwingine kwa mtu mwenye vifaa. Wiki mbili, na sitoi ahadi."

Chapuchapu alikaa juu ya mto wake kama aliyegandishwa kwa gundi. Alimwona shangazi akiinuka na kutoa kitabu cha sayansi kabatini. Akafunga kitambaa chekundu kwenye kitasa. Akaweka simu mezani, akabonyeza kurekodi, akafungua ukurasa wa kwanza.

"Sura ya kwanza," alisema. Sauti ilitoka kama karatasi inayokwaruzwa ukutani. Alikohoa mpaka machozi yakamlenga, akajaribu tena. "Sura ya..."

"Shangazi, acha!" Chapuchapu alisimama. "Umeme haukukatika. Ni mimi. Niliifungua."

Fundi alishusha bisibisi. Chapuchapu aliinua mto, akatoa ramu mbili mpya, na akaeleza yote bila kuruka kitu, hata ile karatasi ambayo bado ilikuwa mfukoni.

Kisha fundi akapuliza pumzi.

"Kumbe. Na mimi nahangaika na diski zisizo na kosa. Ungenyamaza saa moja zaidi, ningekuwa nimezing'oa." Alizigeuza ramu mpya kwenye mwanga wa dirisha. "Ona lebo hii. Baada ya namba kuna herufi R. Hizi ni za mashine kubwa za maofisini. Kwenye mashine ya nyumbani zinaingia vizuri, lakini hazielewani nayo. Yenu inataka zenye herufi U. Ulisema seva, nami nikakupa za seva bila kuuliza zaidi. Hilo ni langu."

"Lakini nilirudisha za zamani," alisema Chapuchapu, "ikalia vilevile. Sura zimefutika?"

"Ramu ni meza ya kufanyia kazi, binti. Sura ziko kwenye diski, ambazo ni kabati. Ukiondoa meza, kabati halipotezi kitu. Njoo. Shika kwanza chuma cha sanduku, umeme mdogo wa mwilini uishie hapo. Ulipozirudisha, ulisikia vibano vikilia?"

"Kimoja."

"Kila ramu ina viwili, kimoja kila upande. Vihesabu."

Ramu moja ilikuwa imeinama kidogo, ukingo mmoja juu. Chapuchapu aliibonyeza taratibu. Tak. Upande wa pili, tak. Fundi aliwasha.

Piip. Mmoja tu, mfupi. Skrini ikawaka, na sura kumi na nne zilikuwa zimejipanga kama zilivyoachwa. Shangazi alifunika uso kwa viganja.

Walikwenda kibandani pamoja kuzibadilisha ramu mpya. Safari hii Chapuchapu alisoma karatasi yote kwa sauti mbele ya wateja, herufi kwa herufi, na fundi akamfuata kwa kidole kwenye lebo. Mteja mmoja alicheka, "Huyu anasoma au anaita majina darasani?" Chapuchapu hakukoma. Alipofika kwenye U, aliirudia mara mbili.

Mwalimu alipobisha hodi saa kumi na moja, seva ilikuwa inamalizia kuunganisha sura ya kumi na nne, na nakala ya pili ilikuwa tayari ndani ya diski nyingine, mkobani mwa shangazi.

Baada ya mwalimu kuondoka, shangazi alimvuta Chapuchapu karibu, kwa kuwa mnong'ono wake haukufika mbali.

"Kosa la ramu lilirekebishwa kwa kubonyeza kidogo," alisema. "Uongo wako ndio ungetumaliza. Ulimpeleka fundi kwenye diski, ukanipeleka mimi kwenye kitabu na koo langu hili bovu. Mashine ilipoumia ilipiga kelele mara tatu. Wewe ulikalia mto. Mwanangu, ukikosea, sema mapema, hata kama unatetemeka. Hapo ndipo mtu anaweza kukusaidia. Na ukipewa maandishi, yasome mpaka mwisho."

"Nimesikia, shangazi," alijibu Chapuchapu. Safari hii miguu yote miwili ilikuwa ndani.

Jumamosi iliyofuata vikombe vilirudi kabatini bila majani ya chai. Isipokuwa kimoja, na hicho alikwenda kukisema mwenyewe.